Saa ya Mkononi Inapowasha Ngozi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kabla hujatupa saa wala kukimbilia krimu, ivue, sogea penye mwanga wa dirisha, utazame vipele vimekaa wapi. Mahali vilipo hutaja mkosaji kwa uhakika kuliko maelezo ya muuzaji. Majibu mengi hapa chini yanarudi kwenye jambo hilo.

Nitajuaje kama ni mzio, au ngozi imechoshwa tu na jasho na sabuni?

Tazama mambo matatu: hisia, muda na mipaka.

Ngozi iliyochoshwa huchoma na kuuma zaidi kuliko inavyowasha. Dalili huanza ndani ya saa chache, hasa siku uliyotoka jasho sana au uliyofua, na huishia palepale saa inapokaa. Ukiivua siku 3 hadi 5, hali inatulia. Hii ndiyo hali ya watu wengi, wakiwemo wengi wanaojitangaza kuwa wana aleji.

Mzio halisi huwasha mpaka unakuamsha usiku. Huja na vijilengelenge vidogo vyenye maji, nao huchelewa: unavaa saa Jumatatu, muwasho unaanza Jumanne au hata Alhamisi. Ndiyo maana watu humtuhumu samaki waliyemla jana yake. Kisha mzio hauheshimu mipaka; vipele husambaa nje ya alama ya saa, na hata ukishaivua vinaweza kukaa wiki 2 hadi 3.

Hali hizi mbili pia hubebana. Ngozi iliyobabuka kwa sabuni hupitisha nikeli, ile metali ya saa inayoleta mzio, kwa urahisi, kwa hiyo la kwanza hufungua mlango wa la pili.

Vipele vimekaa sehemu moja tu. Hiyo inanieleza nini?

Inakueleza mengi.

Doa la duara juu ya mkono, lenye ukubwa wa mfuniko wa nyuma wa saa: ama maji yananaswa chini ya mfuniko, ama mfuniko unaachia nikeli. Ukiona duara hilo lina ukingo uliokolea na katikati ni safi, mshuku mdomo wa saa unaozunguka mfuniko. Kwenye saa nyingi za bei nafuu mfuniko ni chuma cha pua lakini mwili ni mchanganyiko wa zinki au shaba uliopakwa rangi ya fedha au dhahabu.

Doa dogo la pembe nne upande wa ndani wa mkono, penye mishipa: hilo ni bizimu. Mtu huhangaika na mkanda wa ngozi, anaubadilisha mara tatu, kumbe kila mkanda mpya unakuja na bizimu la shaba lililopakwa nikeli.

Pete inayozunguka mkono mzima, upana sawa na mkanda: mkosaji ni mkanda wenyewe, yaani kemikali za kulainishia ngozi ya mkanda, za kuimarisha mpira, au sabuni iliyolala ndani ya kitambaa.

Mstari mmoja mmoja unaofuata viungo vya mkanda wa chuma, hasa kwenye mfupa wa kifundo: msuguano. Mkanda umebana, au umelegea unacheza.

Duara lenye magamba ukingoni, linalopanuka kidogo kidogo huku katikati pakipona: hayo huenda ni mashilingi, yaani fangasi. Saa imeyapa joto na unyevu tu. Dawa yake ni tofauti kabisa, kwa hiyo usiipite hatua hii haraka.

Saa hii nimeivaa miaka minne bila shida. Kwa nini leo?

Kwa sababu mzio hauzaliwi siku ya kwanza. Mwili hujifunza kuitambua nikeli kimyakimya, kwa wiki kadhaa au miaka, na siku ukishaijua hausahau. Mzio wa nikeli kwa kawaida ni wa maisha.

Sababu ya pili iko kwenye saa yenyewe. Rangi ya juu hulika taratibu. Pitisha kucha kwenye kona za bizimu na pembeni mwa mfuniko: ukiona mahali rangi ya dhahabu imegeuka kijivu au nyekundu ya shaba, chuma cha ndani sasa kinagusana na jasho lako. Na jasho lina chumvi. Chumvi hiyo ndiyo inayoyeyusha nikeli na kuipeleka kwenye ngozi, na ndiyo sababu saa iliyokaa kimya Arusha mwezi wa Julai inaweza kuanza kuwasha Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari.

Jiulize pia kama umebadilisha kitu: sabuni ya vyombo, losheni, dawa ya mbu, manukato. Wengi hupulizia manukato kifundoni kisha wanafunga saa juu yake. Hapo umeyafungia ndani, na harufu za dukani ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya mzio wa ngozi.

Mimi ni mweusi, wekundu wanaousema siuoni. Nitazame nini?

Usitafute wekundu. Kwenye ngozi nyeusi uvimbe huu huonekana kama doa la zambarau, kahawia iliyokolea au kijivu. Tumia kidole: pitisha taratibu kutoka ngozi nzima kuelekea palipo na saa. Utahisi vipele kama chembe za mchanga, au ngozi iliyokuwa nene yenye mistari iliyojichora kama ganda. Unene huo ni dalili kwamba umekuwa ukijikuna kwa wiki nyingi, hata kama hukumbuki.

Nifanye nini leo hii?

Vua saa. Usiihamishie mkono wa pili kwa sasa, maana utakuwa na mikono miwili ya kutibu.

Osha mahali hapo kwa maji ya uvuguvugu bila kusugua, kausha kwa kugusisha taulo, kisha paka mafuta mazito yasiyo na harufu. Vaselini ya kawaida inatosha. Rudia mara 2 hadi 3 kwa siku. Kama pana vijilengelenge vinavyovuja, kwanza weka kitambaa safi kilicholowa maji ya baridi kwa dakika 10 hadi 15, mara 3 kwa siku, mpaka vikauke.

Muwasho ukiwa mkali, na umeridhika kwamba si fangasi wala kidonda chenye usaha, krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1 husaidia: mara 2 kwa siku, si zaidi ya siku 7 bila kumwona mtaalamu. Kiasi hupimwa kwa kidole. Krimu inayotandazwa kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi kiungo chake cha kwanza inatosha eneo la viganja viwili, kwa hiyo kwa doa la saa nusu ya hapo ni nyingi mno. Setirizini, kidonge cha mzio, ukimeza usiku inaweza kupunguza muwasho kidogo, lakini haiponyi ukurutu, yaani uvimbe huu wa ngozi.

Acha ndimu, dawa ya meno, spiriti na majivu. Vyote hivyo vinababua ngozi ambayo tayari imebabuka.

Duka la dawa wamenipa krimu moja "inayotibu kila kitu". Niitumie?

Soma viambato kwanza. Krimu nyingi za namna hiyo huchanganya steroidi kali (dawa ya kutuliza uvimbe, jamii moja na haidrokotisoni), dawa ya fangasi na dawa ya bakteria ndani ya tyubu moja. Siku mbili za kwanza unaisifu. Tatizo huja baadaye: steroidi hutuliza muwasho wa mashilingi huku fangasi wakiendelea kutanuka chini, na umbo la duara linapotea kiasi kwamba hata daktari anapata shida kuyatambua. Neomisini, dawa ya bakteria iliyomo kwenye baadhi yake, nayo huleta mzio. Na steroidi kali kama klobetasoli, ambayo wengine wanaifahamu kwa kujichubulia, ikipakwa kifundoni kwa wiki nyingi huikondesha ngozi mpaka mishipa inaonekana.

Kama ni fangasi, klotrimazoli ya asilimia 1 peke yake, mara 2 kwa siku kwa wiki 2 hadi 4, na uendelee wiki moja baada ya dalili kuisha.

Natawadha mara tano kwa siku. Je, nivue saa kila mara?

Ndiyo, na kwa ngozi yako ni afadhali zaidi kuliko kuisogeza juu. Ukiisogeza, maji hupita chini yake, kisha unairudisha ikiwa imelowa. Ukiizungusha tu ili maji yafike, ndiyo umeyafungia kabisa. Mara 5 kwa siku ngozi ile haikauki asilani. Inakuwa nyeupe na laini kama ya aliyekaa sana baharini, kisha inapasuka.

Ivue, itie mfukoni, maliza, kausha mkono pamoja na mfuniko wa saa, subiri dakika moja au mbili, vaa. Hali ni ileile kwa anayeosha vyombo, anayefua kwa sabuni ya unga, fundi, mpishi na muuguzi anayepaka vitakasa mikono kutwa. Sabuni ya unga ndiyo mbaya kuliko zote. Povu likiingia chini ya mkanda halisuuziki kwa kupitisha mkono bombani.

Nisafishe vipi saa yenyewe?

Chukua mkanda wa chuma uukunje kinyume. Ule uchafu mweusi ulionaswa kati ya viungo, kama unga uliolowa, ni jasho, ngozi iliyokufa, sabuni na vumbi la chuma kilichosagana. Huo ndio unaokaa juu ya ngozi yako saa 14 kwa siku.

Kama mkanda unatoka, utoe. Pini zake zina springi: ifunike saa kwa mkono au uifanyie ndani ya mfuko wa plastiki, vinginevyo pini itaruka na hutaiona tena. Loweka mkanda kwenye maji ya uvuguvugu yenye tone moja la sabuni ya maji isiyo na harufu kwa dakika 10. Sugua kwa mswaki laini, nyuma kuliko mbele, na utumie kijiti cha meno palipoziba. Suuza chini ya maji yanayotiririka kwa dakika nzima, maana sabuni iliyobaki ndiyo itakuwasha kesho. Kausha kwa kitambaa cha pamba, acha saa moja kabla ya kuvaa. Fanya hivi kila wiki mbili. Kila wiki kipindi cha joto.

Mwili wa saa usiutumbukize ndani ya maji kama imeandikwa mita 30 tu au haina maandishi kabisa. Mita 30 si ruhusa ya kuogelea. Ni kinga ya matone. Futa kwa kitambaa chenye unyevu.

Dawa ya klorini ya kufanyia weupe nguo isiguse chuma. Inakula hata chuma cha pua, na baada ya hapo kinaachia nikeli zaidi.

Mkanda wa kitambaa: ufue kwa mkono, usuuze mara mbili, uanike. Silikoni na mpira: sabuni na maji kila siku unayotoka jasho. Mkanda wa ngozi hauloweshwi. Unafutwa kwa kitambaa kilichokamuliwa, unaanikwa kivulini, na unapumzishwa siku moja baada ya siku moja ya kuvaliwa. Ukishaanza kunuka, ubadilishe tu.

Nyuma imeandikwa "Stainless Steel". Si ina maana haina nikeli?

Hapana, na hapa ndipo wengi hupotea. Chuma cha pua cha daraja 316L, kinachotumika sana kwenye saa nzuri, kina nikeli asilimia 10 hadi 14. Kile cha 904L, ambacho Rolex wanakitumia, kina zaidi ya asilimia 20. Lakini kiasi kilichomo si hoja. Hoja ni kiasi kinachotoka. Juu ya chuma cha pua kizuri kuna utando mwembamba wa oksidi ya kromu unaoifungia nikeli ndani, na watu wengi wenye mzio wanakivaa bila tabu. Wachache wenye mzio mkali hawawezi.

Umoja wa Ulaya, kwenye sheria yake ya mwaka 1994, ulichagua kipimo hichohicho: kitu kinachogusa ngozi kwa muda mrefu kisiachie zaidi ya mikrogramu 0.5 za nikeli kwa sentimita mraba kwa wiki.

Soma maandishi yote. "Stainless Steel Back" maana yake ni mfuniko wa nyuma peke yake. Mwili, pembe na bizimu vinaweza kuwa chochote. Neno "hypoallergenic" (lisiloelekea kuleta mzio) nalo ni la tangazo, halikuhakikishii kipimo chochote.

Basi nivae saa na mkanda gani?

Kwa mzio wa nikeli uliothibitika, titani ndiyo jibu lisilo na wasiwasi, daraja la 2 au la 5. Ni nyepesi, haina nikeli ya kuhesabika, na siku hizi bei yake imeshuka. Mwili wa plastiki ngumu wenye mkanda wa plastiki hiyohiyo ni chaguo la bei ndogo, ila tazama bizimu. Mengine ni ya chuma.

Ngozi nyingi za mikanda hulainishwa kwa chumvi za kromu, na kromu nayo huleta mzio, hasa kwa waliofanya kazi na saruji kwa miaka. Hao watafute ngozi iliyolainishwa kwa magome ya miti, au waachane na ngozi. Mkanda wa kitambaa unaopita chini ya saa una faida ya ziada: unatenganisha mfuniko na mkono. Ila ukilowa, uvue.

Silikoni kwa kawaida haileti mzio, lakini haipitishi hewa, kwa hiyo inashika jasho kuliko yote. Mpira una mashaka zaidi kwa sababu ya kemikali za kuuimarisha.

Kama ni bizimu tu, badilisha bizimu tu. Pima kwa rula upana wa mkanda pale bizimu lilipo, si pale unapoungana na saa. Mkanda wa milimita 20 mara nyingi una bizimu la 18 au 16. Mwambie fundi saa unataka la titani au la 316L.

Usikaze. Kidole kimoja kipite chini ya mkanda bila kulazimisha.

Nasikia ukipaka rangi ya kucha isiyo na rangi nyuma ya saa inasaidia.

Inasaidia kwa muda. Safisha mfuniko kwa spiriti, paka matabaka 2 au 3 membamba, kila moja likauke kabisa, kisha subiri usiku mzima. Kwa jasho la pwani tabaka hilo huanza kubanduka baada ya wiki moja au mbili, nawe utatakiwa kulitoa na kupaka upya. Kwenye saa janja, usipake juu ya sensa (kipima mapigo) wala vidoti vya chuma vya kuchajia. Baadhi ya watu wana mzio wa rangi za kucha zenyewe; ukiona hali imezidi, acha.

Saa janja yangu ina taa ya kijani. Je, inaniunguza?

Taa hiyo inapima mapigo ya moyo na nguvu yake ni ndogo mno kuunguza. Tatizo la saa janja ni kwamba watu wanalala nazo, wanafanya nazo mazoezi, na wanazikaza ili zipime vizuri. Ngozi haipati hata nusu saa ya hewa. Ivue unapooga, na uiache mezani usiku mmoja mmoja. Kaza wakati wa mazoezi, legeza ukimaliza, futa jasho.

Kuna suala la gundi pia. Vifaa hivi huunganishwa kwa gundi za jamii ya akrilati, na mabaki yake yanaweza kuleta mzio. Mwaka 2014 kampuni ya Fitbit iliziondoa sokoni bangili zake za mazoezi za Force, karibu milioni moja Marekani peke yake, baada ya watumiaji kulalamikia vipele. Wanaobandika kucha za jeli na kope wako kwenye hatari zaidi, kwa kuwa kazini wanashika akrilati hizohizo.

Joto la kweli, la kuunguza, ni jambo jingine: vua saa mara moja na usiichaji tena. Na kwenye saa ya kawaida ukikuta majimaji au unga mweupe karibu na mfuniko, betri inavuja. Majimaji yake ni magadi makali; suuza mkono kwa maji mengi dakika 20.

Mkono unabaki na alama ya kijani. Ni mzio?

Hapana. Ni shaba iliyokutana na jasho. Inatoka kwa sabuni. Ila inakuambia kwamba rangi ya saa yako imeisha.

Naweza kujipima nyumbani?

Unaweza kujaribu, ngozi ikishapona kabisa na kama hukuwa na malengelenge. Safisha saa, ivae mkono wa pili ukiwa mkavu, saa 4 kwa siku kwa siku 3, bila maji wala sabuni chini yake. Muwasho ukikufuata, mshuku mzio. Usipokufuata, huenda tatizo lilikuwa unyevu. Kumbuka pia historia: hereni za bei rahisi hukuwasha? Kifungo cha jinzi kinaacha doa chini ya kitovu? Hizo ni dalili za nikeli.

Vipo vipimo vya matone vya kujua kama chuma kinaachia nikeli. Unatia matone kwenye pamba, unasugua mfuniko kwa sekunde 30. Pamba ikigeuka waridi, nikeli ipo. Pima bizimu, mfuniko na pembe kila kimoja na pamba yake.

Kipimo cha uhakika ni cha mabandiko, anachofanya daktari wa ngozi: vitu vinavyoleta mzio hubandikwa mgongoni, hutolewa baada ya saa 48, na husomwa tena siku ya 3 au ya 4. Siku hizo huogi mgongo, wala hupaki steroidi hapo wiki ya kabla.

Ni wakati gani niende hospitali?

Siku hiyohiyo, ukiona usaha, uvimbe wenye joto unaotanuka, mstari unaopanda kuelekea kiwiko, au homa. Mwenye kisukari asisubiri hata kidonda kidogo. Nenda pia kama wiki 2 bila saa hazijaleta nafuu, au vipele vimetokea usoni na kwenye makunjo ya mikono.

Muwasho umeisha, weusi umebaki. Utatoka?

Utatoka, polepole: miezi 3 hadi 6, wakati mwingine mwaka. Ni rangi iliyomwagika ndani ya ngozi wakati wa uvimbe. Paka mafuta, kinga jua, usijikune. Krimu za kuchubua zitakuachia pete nyeupe mahali palipokuwa na pete nyeusi.